Kutoa spea sahihi kwenye kaunta: mwongozo kamili kwa muuzaji wa duka la vipuri vya magari

Wauzaji wapya wa spea hukwama mahali pamoja. Mteja anasema, "Nipe pedi za mbele za Corolla." Muuzaji anageukia rafu, anashusha boksi, anapokea pesa. Mchana fundi anarudi na boksi lililochanika: pedi hazikai kwenye kalipa, kile chuma kinachozibana kwenye diski. Zimeshapakwa grisi, gari liko juu ya jeki, na duka limebaki na mali isiyouzika kama mpya.

Kilichokosekana hapo ni maswali matatu manne kabla ya kugeuka. Jina la Corolla limebebwa na vizazi na vizazi vya magari tangu 1966, na hata kizazi kimoja kina injini na breki za aina kadhaa. Mwongozo huu unafuata mpangilio wa mauzo yenyewe, tangu mteja anapofika hadi spea inaporudi ikibidi. Hatua ya 1 na ya 4 ndizo zinazookoa pesa nyingi, kwa hiyo nimezipa nafasi kubwa.

## Vitu vya kuwa navyo kwenye kaunta

Viwe karibu na mkono. Ukilazimika kwenda kuvitafuta stoo, siku yenye foleni hutavitumia.

- Kalipa ya vernia (si ile ya breki) ya kupimia milimita, kwa kipenyo cha nje, cha ndani na kina.
- Geji ya thredi, zile bati ndogo zenye meno za kupimia bolti na nati.
- Maltimita, kwa ajili ya betri.
- Simu yenye kamera nzuri na tochi.
- Katalogi ya kompyuta inayotafuta kwa namba ya chesisi, pamoja na katalogi za watengenezaji wa filta, plagi, mikanda na beringi.
- Kadibodi au gazeti la kuwekea spea chafu, matambara na glavu.
- Kalamu ya rangi isiyofutika.
- Madaftari mawili: moja la oda, jingine la spea zilizorudi.

Rula haichukui nafasi ya vernia. Beringi mbili zinazotofautiana milimita moja huwezi kuzitenganisha kwa rula, na kwa macho ndiyo kabisa.

## Hatua ya 1: Litambue gari kwanza

Kabla ya kuzungumzia spea, andika mambo matano: namba ya chesisi, namba ya modeli ya injini, aina ya gia (manyuo au otomatiki), kama gari linavuta kwa magurudumu mawili au manne, na mwezi na mwaka wa kutengenezwa.

Namba ya chesisi. Magari mengi ya dunia yana namba ya tarakimu na herufi 17. Herufi I, O na Q hazitumiki humo, kwa sababu zinachanganywa na 1 na 0. Mteja akikuandikia O, ujue ni sifuri. Ukihesabu ukapata 16 au 18, mrudishe akaisome upya. Namba hiyo hupatikana kwenye dashibodi nyuma ya kioo cha mbele, kwenye nguzo ya mlango, au imegongwa kwenye bodi ndani ya boneti.

Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayana namba ya tarakimu 17. Yana namba fupi yenye kistari katikati: kabla ya kistari ni msimbo wa modeli, baada yake ni namba ya gari lenyewe. Msimbo huo ndio unaokusaidia. NZE121 na ZZE122 zote ni Corolla za kizazi kimoja na bodi zao zinafanana, lakini ya kwanza imetoka kiwandani na injini ya familia ya NZ na ya pili ina ya ZZ. Mkanda na gasketi utakavyotoa vinategemea tofauti hiyo.

Mwaka. Usiulize tu, "Ni ya mwaka gani?" Wengi watakutajia mwaka waliolinunua au uliosajiliwa. Gari la 2008 linaweza kusajiliwa mahali pengine mwaka 2015, na kadi ikabeba tarehe hiyo mpya. Unachokitaka ni mwaka wa kutengenezwa, na mwezi pia, maana viwanda hubadilisha spea katikati ya mwaka bila kubadilisha sura ya gari.

Injini. Uliza hivi: "Injini ni ile iliyokuja nalo, au ilishabadilishwa?" Swali hili moja linaondoa marejesho mengi. Injini ikiwa imebadilishwa, gari unalihudumia kama mawili. Breki, shokapu, bushi na taa unazitafuta kwa chesisi. Gasketi, plagi, filta ya oili na pampu ya maji unazitafuta kwa msimbo uliogongwa kwenye bloku ya injini, kama 1NZ-FE au 2NZ-FE. Vitu vilivyo katikati ya hizo mbili, kama injini maunti, hozi za rejeta na klachi, usivitoe bila kuona ya zamani. Hapo fundi aliyefunga injini aliamua mwenyewe atumie nini, na katalogi haimjui.

*Onyo:* usikubali maelezo ya "lile la kichwa cha duara" au "lile la macho ya paka". Majina ya mtaani hubadilika kutoka mji hadi mji, na hakuna katalogi inayoyafahamu.

*Dalili ya kufaulu:* unaweza kulisoma gari kwa sentensi moja kutoka kwenye daftari, na mwenzako wa zamu ya jioni akaisoma akaelewa bila kukuuliza.

## Hatua ya 2: Uliza gari linasumbua nini

Mteja akitaja spea, uliza kwa upole amejuaje kuwa ndiyo iliyokufa. "Shikamoo mzee. Betri ilikufa ghafla, au ilikuwa inachoka taratibu?" Hapo hujifanyi fundi. Unazuia mtu asinunue betri mpya huku oltaneta, inayochaji betri, ndiyo mbovu, kisha akakurudia baada ya wiki akidai umemuuzia feki.

Kwa betri ya volti 12, pima injini ikiwa imezimwa na gari limetulia: volti 12.6 hivi ni betri iliyojaa, volti 12 kushuka chini ni iliyokwisha chaji. Washa injini upime tena. Magari mengi yataonyesha kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na kuendelea kushuka, oltaneta, mkanda wake au waya wake ndio wa kutazamwa kwanza. Magari mapya yenye oltaneta inayoongozwa na kompyuta hupandisha na kushusha volti kulingana na mahitaji, hivyo usitoe hukumu kwa kipimo kimoja.

Wengine huja na namba ya kosa iliyosomwa na mashine. Namba hiyo inataja dalili, haitaji spea. P0420 inasema kichujio cha moshi kwenye ekzosi hakisafishi inavyotakiwa. Inaweza kuwa kichujio chenyewe, sensa ya oksijeni, au ekzosi inayovuja. P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta, na mara nyingi mkosaji ni hozi ya hewa iliyopasuka, kitu kidogo sana mbele ya sensa aliyoijia. Mwambie hivyo. Akiendelea kuitaka sensa, muuzie, lakini andika kwenye risiti kwamba ameichagua mwenyewe.

## Hatua ya 3: Pata namba ya spea

Ingiza namba ya chesisi kwenye katalogi, upate namba ya mtengenezaji wa gari, kisha uibadilishe kuwa namba ya kampuni unayoiuza. Usianze na jina la gari kwenye kava la boksi. Boksi huandikwa magari mengi kwa pamoja, na aliyeliandika hakuliona gari la mteja wako.

Inafaa kujifunza namna namba zinavyojengwa. Kwa Toyota, tarakimu tano za kwanza hutaja aina ya spea na tano za mwisho hutaja ni ya gari lipi. 04465 ni pedi za breki za mbele, 04466 pedi za nyuma, 04495 viatu vya breki vya nyuma, 48510 shokapu ya mbele kulia, 48520 ya mbele kushoto, 17801 filta ya hewa, 90915 filta ya oili. Ukizijua hizo chache, fundi akikutumia picha ya boksi lililochakaa unajua anataka nini hata kama nusu ya maandishi imefutika.

Namba ya zamani ikikataa kwenye mfumo, usiseme haipo. Watengenezaji hufuta namba na kuweka nyingine mahali pake, kwa hiyo tafuta kama imerithiwa.

Oda za simu zina kanuni moja: hakuna namba inayopokelewa kwa mdomo. Mteja atume picha ya namba ya chesisi na picha ya spea ya zamani. Akisema hana muda wa kupiga picha, mweleze kwamba safari ya kurudisha spea itamla muda zaidi.

## Hatua ya 4: Linganisha na ya zamani

Katalogi ikikupa namba, kazi bado. Tandaza kadibodi, weka ya zamani na mpya sambamba, upime. Kila spea ina mahali pake pa kutazama.

Pedi za breki. Weka mpya juu ya ya zamani, mgongo kwa mgongo. Umbo la bati lifuatane ukingo wote. Tazama masikio ya pembeni, upande wa kipande cha chuma kinachopiga kelele pedi ikiisha, na matundu ya klipu. Modeli moja inaweza kuwa na kalipa kutoka kwa watengenezaji wawili, na hapo namba ya chesisi peke yake haitoshi. Unene usikutishe, ya zamani imelika.

Plagi. Vitu vinne: kipenyo cha thredi (14 mm ni ya kawaida sana), urefu wa sehemu yenye thredi (19 mm na 26.5 mm ndio utakaokutana nao mara nyingi), ukubwa wa spana, na kiwango cha joto. Plagi ndefu kupita kiasi inaweza kugongwa na pistoni, na hapo umeuza plagi ukaua injini. Kiwango cha joto ndicho kinachowachanganya wengi. Kwa NGK na Denso namba kubwa ni plagi baridi zaidi, kwa Bosch namba kubwa ni plagi ya moto zaidi. Usibadilishe kampuni kwa kulinganisha namba hizo kwa macho. Tumia jedwali.

Filta ya oili. Usidanganywe na kopo kufanana. Pima kipenyo cha mpira, kisha thredi. Thredi ya M20x1.5 na ya 3/4-16 ni karibu sawa: moja ni 20 mm, nyingine 19.05 mm. Filta ya M20 huingia kwenye nipeli ya 3/4 (kibomba chenye thredi kwenye injini) ikalegea, na ikikazwa huonekana imeshika. Barabarani presha ya oili huitikisa mpaka ikavuja. Geji ya thredi inamaliza ubishi huu kwa sekunde chache. Ukimkabidhi, mkumbushe fundi ahakikishe mpira wa filta ya zamani haukubaki umeganda kwenye injini. Mipira miwili ikikaa pamoja, oili yote humwagika.

Mkanda wa feni na oltaneta. Soma maandishi mgongoni. 6PK1200 maana yake ni mifereji sita, muundo wa PK, urefu 1200 mm. Yakiwa yamefutika, hesabu mifereji, kisha rudi kwenye katalogi. Usiupime mkanda wa zamani kwa kamba ukatoa wa urefu huohuo, maana umeshavutika. Uliza pia kama gari lina kiyoyozi, kwani injini ileile bila kompresa hutumia mkanda wa urefu mwingine.

Beringi. Namba imechongwa ubavuni. Kwa zile za kawaida za gololi, tarakimu mbili za mwisho kuanzia 04 ukizidisha kwa 5 unapata kipenyo cha ndani: 6205 ni 25 mm. Chini ya hapo kanuni haifanyi kazi; 6203 ni 17 mm. ZZ ni kinga ya bati pande zote mbili, 2RS ni kinga ya mpira. Kwa beringi za magurudumu zenye sensa ya ABS (mfumo unaozuia gurudumu lisijifunge ukishika breki), upande mmoja una pete ya sumaku usiyoiona kwa macho. Mwambie fundi upande huo utazame sensa. Akiugeuza, taa ya ABS itawaka na atakulaumu wewe.

CV jointi, kiungo cha shafti inayozungusha gurudumu. Hesabu meno ya nje na ya ndani, pima sehemu inayokaa sili, na kama kuna pete ya ABS hesabu meno yake pia. Weka alama ya kalamu kwenye jino la kwanza kabla ya kuhesabu. Bila alama utapata 25 mara ya kwanza na 26 mara ya pili.

Betri. Kwenye msimbo kama 55D23L, D ni kundi la ukubwa wa boksi, 23 ni urefu wa takribani sentimita 23, na L au R inaonyesha mpangilio wa nguzo. Ukitoa R mahali pa L, betri itakaa vizuri kwenye trei lakini waya hazitafika, au mtu atazivuta na kuzifunga kinyume na kuunguza vitu vya thamani.

Balbu. Soma kitako. H4 ina pini tatu na hutoa taa ya juu na ya chini kwa pamoja. H7 ina pini mbili na kazi moja. P21W na P21/5W zinafanana sana, ila ya pili ina nyuzi mbili za kuwaka na vidole vyake vya pembeni haviko kimo kimoja. Uliza volti pia: malori mengi ni 24.

Gasketi ya silinda hedi ya dizeli. Hii nenda nayo polepole. Injini nyingi za dizeli zina gasketi za unene tofauti, zinazotambulika kwa mikato au vitundu vya ukingoni. Unene huchaguliwa kwa jinsi pistoni inavyochomoza juu ya bloku. Hesabu mikato ya gasketi ya zamani utoe yenye mikato hiyohiyo. Bloku ikiwa imekwanguliwa au pistoni zimebadilishwa, fundi apime upya kabla hujauza.

Na mteja akija bila spea ya zamani? Vitu kama filta ya hewa au balbu, toa kwa katalogi. Kwa CV jointi, beringi ya gurudumu, klachi na gasketi, mwombe ailete. Kupoteza mauzo ya asubuhi ni nafuu kuliko spea kurudi.

*Dalili ya kufaulu:* spea mbili zimelala sambamba na unaweza kumwonyesha mteja kwa kidole wapi zinalingana.

## Hatua ya 5: Kulia, kushoto, mbele, nyuma

Kulia ni kulia kwa mtu aliyekaa ndani ya gari akitazama mbele. Mteja aliyesimama mbele ya boneti akinyoosha kidole anataja kinyume bila kujua. Usimuulize "kulia au kushoto?" Muulize, "Ni upande wa dereva au wa abiria?" kisha, "Usukani wa gari uko upande gani?"

Kwa sensa za oksijeni, benki ya kwanza (safu ya silinda) ni upande wenye silinda namba moja, na sensa ya kwanza ni ile iliyo kabla ya kichujio cha moshi.

Pedi huuzwa seti ya ekseli nzima. Diski na shokapu mshauri mteja abadilishe jozi, kwani upande mmoja ukiwa mpya na mwingine umechoka gari huvuta upande wakati wa kufunga breki, au huyumba.

## Hatua ya 6: Taja daraja la spea waziwazi

Sema kama ni ya boksi la mtengenezaji wa gari, ya kampuni inayomtengenezea spea mtengenezaji huyo, ya kampuni nyingine, au iliyotumika. Mteja achague kwa mfuko wake. Usiite "orijino" kitu ambacho si hivyo. Neno hilo limechoshwa kwenye biashara hii, na mteja akishajua umemdanganya kwa filta hatakuamini kwa injini.

## Hatua ya 7: Taja vinavyoambatana

Fundi akifungua kazi akakuta gasketi moja imekosekana, siku imekwisha. Pampu ya maji iende na gasketi yake na kulanti (maji ya kupoza injini). Taiming belti iende na tenshena na roli zake, na pampu ya maji kama inazungushwa na mkanda huohuo. Silinda hedi: uliza kuhusu bolti, maana katika injini nyingi hukazwa kwa kipimo cha pembe, hunyooka kidogo, na mtengenezaji hutaka mpya.

Vimiminika ndipo penye hatari. Kwa mafuta ya breki, DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni za jamii moja. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi nazo. Oili ya madini kwenye mfumo wa breki za DOT huvimbisha mipira, na breki hushindwa. Gia ya CVT (otomatiki isiyo na gia za ngazi) haitiwi oili ya otomatiki ya kawaida. Kama mteja hajui gia yake ni ipi, rudi kwenye namba ya chesisi.

## Hatua ya 8: Fungua boksi mbele yake

Litoe, mwonyeshe, hesabu vipande pamoja naye. Boksi linaweza kubeba kitu kingine tangu kiwandani, au lilirudishwa zamani likiwa na spea ya watu. Weka alama ndogo ya kalamu ya rangi mahali pasipofanya kazi.

Kwenye risiti andika namba ya spea, namba ya chesisi na masharti ya kurudisha. Kama duka halipokei vitu vya umeme vilivyokwisha kufungwa, yaseme hayo kabla ya pesa kubadilisha mikono. Sharti linalotajwa baada ya malipo huonekana kama hila, hata likiwa la haki.

## Hatua ya 9: Spea inaporudi

Msikilize mteja mpaka amalize, hata akianza kwa hasira. Kisha tazama kwa mpangilio huu: alama yako ya rangi ipo? Namba ya kwenye spea inalingana na ya risiti? Ina alama za kufungwa? Wapo wanaorudisha ya zamani ndani ya boksi jipya, mara nyingine kwa kuchanganya tu, kwa hiyo uliza kabla ya kushutumu.

Baada ya hapo rudi kwenye daftari la oda uone kosa lilitokea hatua gani. Kama namba ya chesisi iliandikwa vibaya na duka, duka libebe mzigo bila mabishano. Kama mteja alikataa kuleta ya zamani na wewe uliliandika hilo, mna pa kuanzia mazungumzo.

Andika kila kilichorudi kwenye daftari la pili: namba ya spea, gari, sababu. Lisome kabla ya kuagiza mzigo mpya. Namba ileile ikirudi kutoka kwa mafundi tofauti, ondoa mabaki yake rafuni, fungua maboksi yaliyosalia upime kimoja kimoja, na umpigie msambazaji kabla hujauza jingine.